Kikohozi Ng'ambo ya Songwe

Baba mkwe wangu alikuwa na kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Kila alipokaribia kona ya njia, kisima au mlango wa jiko, alikohoa mara mbili, kwa kifupi, ili mimi niliye mbele nipate nafasi ya kujiondoa. Nami nilijiondoa. Niliingia kwenye migomba, nikapiga magoti, nikageuza uso na kujifunika kanga mpaka hatua zake zikapotea. Kwetu Kyela hatusemi kwamba mkamwana anamheshimu baba wa mumewe. Tunasema anamwogopa. Hawatazamani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja, na jina lake mkamwana halitamki hata akiulizwa na polisi.

Wachungaji walikuwa wameshahubiri dhidi ya jambo hilo, na katika nyumba nyingi za Kikristo lilikuwa limelegea. Mtu aliweza kumwamkia mkwe wake kwa mbali na maisha yakaendelea. Lakini nyumba niliyoolewa, pale Njisi, haikulegeza kitu. Baba mkwe nilimwona kanisani tu, na hapo nako kwa nyuma: yeye benchi la mbele na wazee wenzake, mimi benchi la wanawake karibu na mlango. Nilichokijua ni mgongo wake na koti lake la kijivu, zito, la mtumba, alilolinunua mara tu nguo za Ulaya ziliporuhusiwa kuingia kwa marobota. Joto la Kyela linaweza kuivisha ndizi mtini, lakini yeye hakulivua koti lile. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwenye mdomo, na kupiga magoti matopeni kwa ajili ya kikohozi kulinichoma roho. Nilifanya, lakini nilifanya nikiwa nimeuma meno.

Nilikuwa na sababu nyingine ya hasira. Mimba yangu ya kwanza ilitoka kabla haijaonekana. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji, akanitunza kwa upole ambao sitausahau. Kisha akaketi kando ya mkeka wangu akaniuliza swali moja tu.

"Hukukutana naye mahali?"

Alimaanisha mzee, maana kwetu inasemwa mkamwana akikutana na mkwe wake mimba hutoka. Nikasema sikukutana naye, na ilikuwa kweli. Aliitikia kwa kichwa, akatoka na bakuli lake. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba mimba nyingine ikitoka, swali hilo litarudi, na safari hiyo halitaulizwa na mtu mmoja.

Hizo zilikuwa zama za ruksa. Maduka ya Kyela yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, vijana walikuwa wakibishana waziwazi juu ya vyama vingi, na wageni nao walianza kuja kwa wingi kuliko zamani, kila kundi na mradi wake. Kanisani kwetu likatangazwa jambo. Vijana wa Kiholanzi walikuwa wanakuja kujitolea kwa wiki tatu ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, kujenga nyumba ndogo ya wajawazito katika kijiji kimoja karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Walihitaji vijana wa pande zote mbili wajiunge nao, hasa wanaojua Kiingereza ili watafsiri, kwa sababu Wangonde wa kule wanasema lugha ambayo Mnyakyusa anaielewa bila kufundishwa. Mchungaji hajamaliza sentensi, mkono wangu ulikuwa juu.

Watu walidhani ninapenda Wazungu, au ninapenda safari. Nilichokitaka ni wiki tatu za kutembea shingo ikiwa wima. Na nilikuwa nimeshajua jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu, aliyekuwa Mbeya akitafuta kazi baada ya kiwanda chao kupunguza watu: nilikuwa na mimba tena. Nilijiambia kwamba ng'ambo ya mto hakuna wa kukutana naye. Hata ikitoka, hakuna atakayeniuliza lile swali.

Ruhusa ililetwa na mama mkwe, kama kila neno la mzee lilivyoletwa.

"Mwalimu, mzee amesema uende. Lakini anasema mto umeshabadilika rangi."

Nilimjibu moyoni kwamba mto si mume wangu wala si mkwe wangu, ubadilike unavyotaka. Lakini nilikwenda kuutazama. Mbingu ya Kyela ilikuwa nyeupe, hakuna wingu, na Songwe ulikuwa mwekundu kama ugoro. Maana yake mvua ilikuwa inanyesha huko juu milimani, mahali tusipopaona.

Kila mtu wa huku anaujua mto ule. Hautulii. Mtu hulala shamba lake likiwa Tanzania, mvua moja kubwa ikipita anaamka mto umehamia upande wa pili wa mpunga wake, na bwana shamba hajui tena ni wa nchi gani. Nao wageni walikuwa wanakuja mwezi wa tatu, majira ambayo Mnyakyusa mwenye akili zake hajengi hata banda la kuku. Nasikia ndipo walipopata nafasi huko kwao. Mahali pa kujenga palikuwa pamechaguliwa chini kabisa, karibu na maji, ili kina mama waweze kuletwa kwa mtumbwi. Wazo zuri, ukiliwaza ukiwa mahali pakavu.

Tulivuka kwa mtumbwi, kwa sababu daraja la Kasumulu lilikuwa mbali na njia ya kwenda huko ilikuwa imeanza kujaa maji. Niliwekwa kwa mjane mmoja wa makamo, pamoja na msichana wa Kiholanzi, mrefu, mwekundu shingoni kwa jua, aliyekuwa akisomea uuguzi. Usiku wa kwanza ndipo nilipogundua kosa langu. Mjane aliniuliza nimeolewa wapi. Nilipomweleza, alipiga makofi kwa furaha. Baba mkwe wangu alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Ningefikiri tangu mwanzo. Hakuna mtu wa Njisi asiye na ndugu ng'ambo. Mto umechora mpaka, watu wameendelea kuoana. Mzee mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka, mchele wa Kyela kwenda, nguo na usipa, wale dagaa wa ziwani, kurudi. Lakini mimi niliivaa nchi ya watu kama kanga mpya, nikasahau kuitazama pindo. Shangazi yule alinishika mikono yote miwili akasema, "Sasa uko nyumbani." Nililala macho yakiwa wazi.

Hata hivyo siku za kwanza zilikuwa nzuri, nisikufuru. Tulibeba matofali ya kuchoma kutoka tanuri la kijijini, tukachota mchanga, tukakanda saruji kwa miguu. Nilitembea katikati ya njia. Nilicheka kwa sauti. Kule ng'ambo watu wenyewe hawakuwa na raha kama sisi. Ilikuwa ile miaka yao ya mwisho ya chama kimoja, na nilipozungumza habari za vyama kama tulivyozoea Kyela, wanawake waliokuwa karibu nami walianza kuangalia ndoo zao. Yule Mholanzi aliambiwa afunge kitenge juu ya suruali yake, akafunga bila kuuliza. Nami nikajifunza kunyamaza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Kisha, asubuhi moja, nikiwa juu ya jukwaa la miti nampokeza fundi matofali, nilisikia kikohozi. Mara mbili, kifupi.

Sikukumbuka kwamba niko nchi nyingine. Niliruka chini, nikapita katikati ya watu, nikajibanza nyuma ya ukuta tuliokuwa tumeufikisha usawa wa dirisha, nikajifunika. Tofali nililoliacha lilianguka karibu na mguu wa fundi. Nje nilisikia watu wakiamkiana, "Mugonile, mugonile," na mifuko ikishushwa. Mradi ulikuwa umemwajiri mwenye mtumbwi mkubwa wa kuvusha saruji kutoka upande wetu, na mtumbwi mkubwa kuliko yote ulikuwa wake.

Mholanzi alinifuata, akachuchumaa mbele yangu.

"Anakupiga?" aliuliza.

"Nani?"

"Yule mzee. Unatetemeka."

Sikuwa natetemeka kwa woga, nilikuwa natetemeka kwa hasira, lakini nilimweleza. Nilimweleza yote, kuanzia kikohozi mpaka jina lisilotamkwa. Alisikiliza kwa makini, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Sasa utajuaje kama anakupenda?"

"Nani kakwambia anatakiwa kunipenda?" nilimjibu. "Anatakiwa kupita."

Tangu hapo alikuja mara kwa mara, na kila alipokuja alikohoa akiwa bado mbali, kule kwenye matete, mapema kuliko alivyokohoa nyumbani. Usiku alilala kwenye kibanda cha nje cha dada yake, nami nikala na kulala ndani bila kusogea upande ule wa ukuta. Wiki zangu tatu za shingo wima zilikuwa zimekwisha kabla hazijaanza vizuri.

Mambo mengine nayo yakaanza kubadilika, polepole. Ziwani, wale wadudu wadogo tunaowaita kungu walipanda kama moshi, nguzo baada ya nguzo. Huwa wanakaa mbali, katikati ya ziwa. Safari hii walisogea mpaka pwani, wakaingia kwenye sufuria, kwenye nywele za wageni, kwenye saruji mbichi. Watoto walifurahi, wakawakamata kwa vikapu ili wakaangwe. Shangazi alikula, lakini alisimama mlangoni akitafuna taratibu huku akitazama upande wa ziwa. Kisha maji yakaanza kutoka ardhini ndani ya msingi wetu, safi kabisa, kama chemchemi. Tuliyachota kwa ndoo, asubuhi yakawa yamerudi. Hakuna mwenyeji aliyewaambia wageni jambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji gani atamwambia mgeni achukue tofali zake arudi nazo? Mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri yaliyosemwa.

Homa ilinishika mchana, jua likiwaka. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Jioni nilikuwa naongea peke yangu, na kulipokucha nilisikia tumbo likikaza chini ya kitovu, nikajua. Mholanzi aliona doa la damu kwenye shuka kabla mimi sijalificha.

"Miezi mingapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha vidole vitatu. Akaweka mkono wake mdomoni, kisha akautoa haraka kama mtu aliyekumbuka kazi yake. Alisema ni malaria, ninahitaji dripu ya kwinini na kitanda, siku hiyohiyo. Nyumba ya wajawazito tuliyokuwa tukiijenga ilikuwa na kuta nne hadi madirishani, na maji magotini.

Barabara ya Karonga ilikuwa imekatika. Hospitali iliyobaki ilikuwa ya upande wetu, Kyela, na kati yetu na Kyela kulikuwa na Songwe, uliokuwa umefurika tangu alfajiri. Ulikuwa umeng'oa migomba na kuipitisha mbele ya kijiji ikiwa na mikungu yake. Vijana wenye mitumbwi waliitwa mmoja baada ya mwingine. Walikuja, wakautazama mto, wakautazama mlango wa chumba nilimolala, wakarudi makwao. Siwalaumu. Mamba wakipanda na mafuriko hawachagui.

Nilikuwa nimelala karibu na ukuta. Kwa nje nilisikia shangazi akisema, "Kaka, mtoto huyu ana mtoto."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye nyasi za paa. Kisha akakohoa, mara mbili, na akasema kwa sauti iliyopanda kuliko ilivyohitajika, nikajua inasemwa ili niisikie mimi.

"Mwambie Mzungu akae katikati. Mimi nitakaa mbele. Mkwe alale nyuma, afunikwe. Nikikohoa, kama yu mzima, agonge ubao."

Shangazi akasema, "Kaka, mbele?"

"Nyuma nitamwona," alisema.

Sikuielewa hofu ya shangazi mpaka tulipokuwa majini. Mtumbwi mkubwa unapokuwa na mtu mmoja wa kupiga kafi, huongozwa kutoka nyuma. Kila mtoto wa pale anajua. Anayekaa mbele anaweza kuuvuta, lakini kuugeuza ni kupigana nao. Baba mkwe alikaa mbele. Nilifunikwa kanga mbili kichwa na mwili, nikalazwa chini, shavu langu kwenye maji ya ndani ya mtumbwi, na Mholanzi akakaa katikati kama ukuta, magoti yake yakinibana ili nisibiringike.

Sikuona kitu. Ninachokijua juu ya kuvuka kule ni sauti. Maji yalikuwa yakinguruma chini ya ubao, chini ya sikio langu, sauti nzito ya kitu kinachoburuta vitu vikubwa. Mara kwa mara gogo liligonga ubavu wa mtumbwi na wote tukasubiri. Mholanzi alikuwa akinong'ona kwao, sala au hesabu, sijui. Na mbele, pumzi za mzee, zikipanda, zikikwaruza. Kisha kikohozi.

Niligonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo.

Maumivu yalinijia kwa mafungu. Nilitaka kupiga kelele, lakini sauti yangu hakuwahi kuisikia, na sikutaka aisikie mara ya kwanza ikiwa hivyo. Niliuma kanga. Mvua ikazidi. Nilikuwa natetemeka kiasi kwamba Mholanzi alianza kuvua blauzi yake ili anifunike, na hapo kitu kizito, chenye joto, kikaniangukia mabegani. Kilikuwa kimerushwa kutoka mbele, juu ya kichwa chake, bila aliyerusha kugeuka. Kilinuka moshi, tumbaku na samaki. Ni mwiko mkamwana kugusa nguo ya baba mkwe. Nilijivuta ndani yake mpaka usoni.

Kikohozi. Ngo, ngo.

Nadhani ilikuwa katikati ya mto mtumbwi ulipozunguka. Ulizunguka kabisa, nilihisi kichwa changu kikienda mahali pa miguu. Mholanzi alilia kwa sauti. Nilisikia kafi likigonga maji, likigonga, likigonga, na mzee akitoa mlio ambao sijausikia kwa mtu mwingine, mlio wa chini kama wa ng'ombe anayevuta. Halafu mtumbwi ukatulia, ukaanza kwenda tena. Kikohozi chake kilichukua muda mrefu kuja. Kilipokuja kilikuwa kimoja. Niligonga, nikaendelea kugonga hata alipokuwa hajakohoa tena, maana sasa mimi ndiye niliyetaka kujua.

Upande wetu wakulima wa Njisi walikuwa ukingoni wakiutazama mto ukila mpunga wao. Waliingia maji ya kifua, wakautia mkono mtumbwi, wakaninyanyua nikiwa nimefunikwa vilevile. Walikata miti miwili wakafunga machela kwa kanga. Kutoka pale mpaka barabarani njia ilikuwa moja tu, juu ya tuta la shamba, pana kama mwili wa mtu, maji pande zote mbili. Nilisikia mtu akimwambia, "Mzee, panda, pumzika. Mikono yako inatetemeka."

Nililala pale juu ya machela nikielewa kinachofikiriwa na kila mtu aliyesimama. Akipanda, atakaa wapi? Mbele yangu hawezi kupita, nyuma yangu hawezi kufuata, na pembeni hapakuwa na migomba ya mimi kuingia. Angetakiwa asubiri majini mpaka nimefika mbali.

"Dada yangu yuko kule," alisema. "Na wale wageni. Maji yamefika mlangoni."

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Nilitaka kufumbua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kusema, na mengine ya matusi, ya kumwambia mzee mjinga apande, anikanyage ikibidi. Nilikuwa nimefundishwa Kiingereza, hesabu na historia ya dunia, na sikuweza. Akakohoa mara mbili, sawasawa kama kwenye kona ya kisima. Niligonga mti wa machela. Kisha nikasikia kafi likiingia majini.

Niliamka hospitali ya Kyela nikiwa na dripu mkononi na masikio yanayovuma kwa kwinini. Mholanzi alikuwa amelala amekaa, matope yamekauka mpaka nyusi. Alipoona nimefumbua macho, alinishika tumbo kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa. Mimba ilikuwapo. Lakini hakucheka, na hakunitazama kwa muda mrefu.

Mtumbwi ulikuwa umeonekana ziwani, kifudifudi, nje ya mdomo wa mto. Shangazi na wale wageni wengine walikuwa wazima. Walipanda kwenye mwinuko wa kanisa, wakakaa huko mpaka maji yalipopungua. Nyumba ya wajawazito ilikuwa imerudi kuwa matope na matofali yaliyotawanyika. Mzee alipatikana siku zilizofuata, kwenye matete, na wavuvi waliokuwa wakitafuta nyavu zao.

Mama mkwe alikuja wodini akiwa ameshavaa nguo za msiba. Koti lilikuwa juu ya miguu yangu. Wauguzi walilikausha wakanifunika nalo bila kujua. Alisimama mwisho wa kitanda akalitazama. Nilisubiri. Nilijua swali linalokuja, na safari hii nilikuwa nimekaa naye mtumbwi mmoja, nimevaa nguo yake, nimenuka jasho lake.

"Ulimwona uso?" aliuliza.

"Sikumwona, mama."

"Yeye alikuona?"

"Alikaa mbele."

Alifunika macho kwa kiganja. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa mto ule, alielewa mara moja maana ya mbele. Alilia bila sauti, mabega tu. Kisha alilichukua lile koti, nikadhani ananinyang'anya, akalikung'uta, akalikunja mara moja na kunirudishia tumboni, akalipapasa lilale vizuri.

"Basi," alisema. "Ndaga fijo, mwanangu. Lala."

Sikuelewa ananishukuru nini. Mimi ndiye niliyekuwa na shukrani na sikuwa na wa kumpa.

Siku ya maziko sanduku lilikuwa limepigiliwa misumari, kwa sababu ya maji. Kwa hiyo uso wake sikuuona hata siku hiyo. Watu wa Njisi walikuwa tayari wameshagawanyika. Wapo waliosema, na wanaosema mpaka leo, kwamba alikufa kwa sababu mwiko ulivunjwa, mkamwana na mkwe katika mtumbwi mmoja, na mto ukadai chake. Mimi nasema alikufa kwa sababu aliushika. Alimaliza mikono yake akiuvuta mtumbwi kutoka mbele, na aliporudi majini mikono ilikuwa imekwisha. Nikisema hivyo watu wananiona mwalimu nimezidi kusoma. Na mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, nakumbuka ile mimba nyingine, nakumbuka hii iliyobaki, na sina uhakika wa hasira yangu kama nilivyokuwa zamani.

Wanawake tulikaa mbali, kama inavyotakiwa. Lakini walipolishusha sanduku kando ya shimo nilisimama, nikaenda, na hakuna aliyenizuia. Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa, nikagonga ubao mara mbili.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, ana mashamba ya kakao kule Busale na ananikaripia kama mimi ndiye mtoto. Koti lilikaa sandukuni miaka mingi, na mafuriko mengine yakaja na kwenda. Bibi yake ndiye aliyelitoa akampa kabla hajafariki, akisema mabega yameshatosha. Analivaa asubuhi za baridi, kunapokuwa na ukungu kutoka ziwani.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka kisimani, ndoo kichwani, mvua imetoka kukatika. Kwenye kona ya migomba mtu alikohoa. Sikufikiri. Niliitua ndoo, nikatoka njiani, nikapiga magoti kwenye majani mabichi, nikavuta kanga usoni. Hatua zilikuja, zikasimama.

"Mama," alisema mwanangu. "Umedondosha nini?"

Nilikaa vilevile, nikamwambia apite kwanza.